Kilatini Mlangoni: Jibu kwa Wanaosema Kiswahili Hakifai Mtihani wa Kuingilia Chuo Kikuu

Kila suala la Kiswahili na chuo kikuu linapozuka hapa Uganda, hutokea wasomi wenye heshima zao wakalijibu kwa hoja moja ile ile. Wao husema kwamba lugha ya mtihani wa kuingilia chuo kikuu haichaguliwi na wanadamu, bali huchaguliwa na elimu yenyewe. Kiingereza, kwa maoni yao, kimekaa mlangoni pa chuo kwa haki, kwa kuwa ndicho kilichozaliwa na ulimi wa sayansi na falsafa; Kiswahili ni lugha ya gulio na ya kambi ya askari, nayo isiombe kiti mahali isipoalikwa. Na wengi wetu walimu wa Kiswahili, tukishasikia maneno hayo, hunyamaza kana kwamba tumeshindwa.

Sioni sababu ya kunyamaza. Hoja hiyo haina mizizi katika historia. Wala sitaijibu kwa kutaja ushairi wa Lamu na Mombasa, ijapokuwa ungetosha. Nitaijibu kwa kuwapeleka wenzetu hao kwenye nyumba ambayo wao wenyewe huiheshimu kuliko zote, wakasome walichotakiwa vijana waliobisha hodi pale ilipokuwa changa. Nyumba hiyo ni Harvard.

Masharti ya mlango wa kwanza

Harvard ilianzishwa katika koloni la Kiingereza la Massachusetts, huko Amerika ya Kaskazini. Mwezi wa Oktoba mwaka 1636 Baraza la koloni lilipitisha paundi 400 ziwe msaada wa kujenga shule au chuo. Mwaka 1638 mchungaji kijana, John Harvard, alifariki akakiachia chuo nusu ya mali yake pamoja na vitabu vipatavyo 400, na mwaka uliofuata chuo kikapewa jina lake. Mwaka 1640 Henry Dunster akawa mkuu wa chuo, na mwaka 1642 wanafunzi wa kwanza tisa wakatunukiwa shahada. Walikuwa watoto wa Waingereza, katika koloni la Waingereza, chini ya mfalme wa Waingereza.

Je, watoto hao walitahiniwa Kiingereza mlangoni? Hasha. Sharti la kuingilia, lililochapishwa mwaka 1643, lilikuwa wazi. Kijana alitakiwa aweze kumwelewa Cicero, au mwandishi mwingine wa Kilatini wa daraja hiyo, papo kwa papo, bila ya kujiandaa. Alitakiwa atunge na kusema Kilatini sahihi, kwa nathari na kwa ushairi. Alitakiwa pia ajue barabara unyambuaji wa majina na vitenzi vya Kiyunani. Aliyeyaweza hayo alipokewa, na asiyeyaweza hakuwa na haki ya kudai nafasi. Hesabu hazikuulizwa, wala jiografia, wala historia ya nchi yao, wala neno moja la lugha waliyonyonya kwa mama zao.

Na si hayo tu. Akishapita mlangoni, mwanafunzi alikatazwa kusema lugha ya mama yake ndani ya mipaka ya chuo, ila alipoitwa kutoa hotuba ya hadhara iliyoagizwa iwe kwa Kiingereza. Walimu wenzangu, hebu tulitafakari jambo hili. Wako miongoni mwetu ambao walipokuwa wadogo walivishwa kibao shingoni, au walichapwa fimbo, kwa kosa la kusema lugha ya kwao katika uwanja wa shule. Waliambiwa kwamba lugha zao ndizo zenye upungufu. Kumbe Kiingereza nacho kiliwahi kuwekewa marufuku ya namna hiyo, na waliokiwekea ni Waingereza wenyewe, katika chuo walichokijenga kwa mikono yao!

Lini mlango ulipofunguka

Watasema: hayo yalikuwa mambo ya mwanzo, chuo kikiwa bado kichanga. La. Tufuate tarehe. Hesabu za kawaida ziliingia katika masharti ya chuo jirani cha Yale mwaka 1745, na Harvard zilikawia hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Insha ya Kiingereza ilichelewa zaidi ya hapo. Ni katika miaka ya 1870, chini ya uongozi wa Charles Eliot, ndipo mtahiniwa wa Harvard alipotakiwa kuandika insha fupi ya Kiingereza, akitoa mada yake katika vitabu vilivyotajwa, vikiwamo vya Shakespeare. Tangu baraza lilipotoa zile paundi 400 hata kufikia sharti hilo, miaka zaidi ya 230 ilikuwa imepita.

Na walipoanza kuwatahini kwa Kiingereza, waliona nini? Waliona aibu. Watahini wa Harvard walilalamika hadharani kwamba vijana waliofunzwa katika shule bora hawakujua tahajia, wala kuweka nukta, wala kupanga fikra zao katika lugha yao wenyewe. Sababu yake si siri. Lugha isiyotahiniwa haifundishwi, na lugha isiyofundishwa huandikwa ovyo, hata na wenyewe. Basi anayetuonyesha leo insha mbovu ya Kiswahili ya mwanafunzi wa Kampala, akasema, tazameni, lugha hii haifai, na akumbuke kwamba ushahidi wa aina hiyo hiyo ungeweza kutolewa dhidi ya Kiingereza, mjini Boston, karne moja na nusu iliyopita.

Vyuo vya Uingereza yenyewe havikuwa mbele sana. Oxford haikuwa na shahada ya heshima ya fasihi ya Kiingereza hadi miaka ya 1890. Oxford na Cambridge ziliendelea kudai Kilatini kwa wote walioingia hadi karibu na mwaka 1960. Tulizingatie hilo, kwa kuwa kutoka Cambridge ndiko ilikotoka mitihani iliyotumiwa kuwapima vijana wa Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni. Watu waliotufundisha kwamba lugha ya mlangoni huwekwa na elimu yenyewe walikuwa wakibishana kwao kama Kilatini kiondolewe mlangoni au kibakizwe. Ubishi huo hatukusafirishiwa. Tulisafirishiwa karatasi za mtihani peke yake.

Hoja ya vitabu

Nisiwe kama nyani asiyeona kundule. Waliodai Kilatini mwaka 1643 hawakuwa wajinga. Walikuwa na sababu, nayo ni vitabu. Tiba, sheria, teolojia na falsafa ziliandikwa kwa Kilatini, na mwanafunzi asiyekijua angeingia maktaba kama kipofu. Hoja hii ndiyo hoja ya haki ya wapinzani wetu, na hatuna budi kuikabili: Kiswahili hakina vitabu vya kutosha vya chuo kikuu.

Lakini tuulize, Kiingereza kilivipata wapi vyake? Isaac Newton alipochapa kitabu chake kikubwa cha hisabati na mwendo wa vitu mwaka 1687, alikiandika kwa Kilatini. Alipochapa kitabu chake juu ya nuru mwaka 1704, alikiandika kwa Kiingereza. Mtu ni yule yule, na akili ni ile ile. Katika miaka hiyo 17 lugha ya Kiingereza haikuota ubongo mpya. Kilichotokea ni kwamba wasomi waliamua kuandika, wachapaji wakaamua kuchapa, na wasomaji wakawapo. Vitabu havitangulii uamuzi, hufuata uamuzi. Anayesubiri vitabu vikamilike ndipo aruhusu lugha itumike ni kama mtu anayemkataza mtoto kuingia majini hata ajue kuogelea.

Na Kiswahili hakikukaa bure kikisubiri. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, na isimu na fasihi zinafundishwa humo kwa Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Mwaka 1990 ikatoka Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Tasnifu za uzamili na za uzamivu zimeandikwa na kutetewa kwa lugha hii. Anayesema kwamba Kiswahili hakiwezi anatamka jambo ambalo limekwisha kuonekana likitendeka.

Ahadi isiyo na mlango

Ipo sehemu nyingine ya habari za Harvard inayotuhusu zaidi, nayo ni ya huzuni. Hati ya chuo ya mwaka 1650 ilitaja kwamba chuo ni kwa elimu ya vijana wa Kiingereza na vijana wa Kihindi, yaani wenyeji wa nchi ile. Kwa fedha zilizochangwa Uingereza kwa ajili ya kueneza dini, jengo la matofali lilijengwa katikati ya miaka ya 1650, likaitwa Chuo cha Wahindi. Kwa maandishi, mlango ulikuwa wazi kwa wote.

Sharti la mlango, hata hivyo, halikubadilika. Kijana wa Kiwampanoag, ambaye lugha yake haikuwa na undugu wowote na lugha za Ulaya, alitakiwa ajifunze Kiingereza ili afundishwe Kilatini, na ajifunze Kilatini ili aulizwe Kiyunani. Vijana wawili kutoka kisiwa cha Martha's Vineyard, Caleb Cheeshahteaumuck na Joel Iacoomes, walipitia shule ya Elijah Corlet mjini Cambridge wakayaweza yote hayo. Kuna barua ya Kilatini ya mwaka 1663 yenye jina la Caleb, iliyoandikwa kwa wafadhili wa Uingereza. Caleb alipata shahada mwaka 1665, na mwaka uliofuata akafa kwa kifua kikuu. Joel alikuwa karibu kutunukiwa pamoja naye, lakini alikufa katika safari ya kurudi chuoni, chombo kilipoharibikiwa katika kisiwa cha Nantucket. Chuo kilimpa shahada yake mwaka 2011, akiwa amekwisha kufa karne tatu na nusu. Ama lile jengo la matofali, lilibomolewa kabla karne ya 17 haijaisha.

Anayetaka kuthibitisha kwamba akili za wenyeji wale zilikuwa pungufu, na amtazame Caleb. Alipita mtihani ambao wengi wa wanaotudharau leo wasingeupita. Tatizo halikuwa akili ya mtahiniwa. Tatizo lilikuwa ni mtihani uliohesabu lugha yake kuwa si kitu.

Tena lugha yenyewe haikuwa bubu. Ndani ya lile jengo la Chuo cha Wahindi ndimo ilimowekwa mashine ya kupigia chapa, na mwaka 1663 ilitoka humo Biblia nzima katika lugha ya wenyeji, tafsiri ya John Eliot. Mmoja wa waliopanga herufi zake alikuwa Mnipmuc aliyeitwa James Printer. Biblia hiyo ndiyo ya kwanza kuchapwa katika makoloni yale, nayo haikuwa ya Kiingereza. Basi lugha ilifaa kuchapwa kitabu kikubwa kuliko vyote walivyokuwa navyo, lakini haikufaa kumtahini kijana mlangoni, hatua chache kutoka kwenye mashine hiyo! Ilitumiwa kuwahubiria watu, haikutumiwa kuwapandisha cheo. Katika karne ya 19 ikakosa wasemaji. Tangu miaka ya 1990 wazawa wenyewe, wakiongozwa na mwanaisimu Jessie Little Doe Baird, wamekuwa wakiifufua kwa kutumia maandishi ya kale, ile Biblia ikiwamo.

Mfano huo tuupime na hali yetu. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikiweka katika masomo ya lazima ya miaka miwili ya mwanzo. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Rwanda nayo ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Hayo yote ni mema, na tunayashukuru. Lakini ni hati. Na hati, kama ile ya mwaka 1650, haimpitishi mtu mlangoni. Karatasi ya maarifa ya jumla, ambayo kila mtahiniwa wa kidato cha sita huifanya, ni ya Kiingereza. Mtoto ni mwerevu wa kuyasoma mambo hayo. Huona somo lipi linamfungulia mlango na lipi halimfungulii, akagawa jasho lake vivyo hivyo. Hatuna haki ya kumlaumu.

Tudai nini

Kwanza, tudai usawa mlangoni. Kila chuo kinapotaka alama nzuri ya lugha, alama ya Kiswahili ihesabiwe sawa na ya Kiingereza. Hili si ndoto. Kwa jirani zetu wa Kenya, kanuni za elimu ya sheria za mwaka 2016 zinamtaka anayeomba shahada ya sheria awe na alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Neno hilo dogo, "au", lina thamani kuliko hotuba mia za siku ya Kiswahili. Limemwambia mtoto wa kijijini kwamba insha yake ya Kiswahili yaweza kumfikisha mahakamani akiwa wakili.

Pili, mtahiniwa aruhusiwe kuijibu karatasi ya maarifa ya jumla kwa Kiswahili akipenda. Karatasi ile inapima kufikiri na kupanga hoja. Ikiwa kweli ndivyo, lugha ya kujibia isiwe kizuizi. Na ikiwa inapima Kiingereza tu, basi iitwe kwa jina lake.

Tatu, na hili latuhusu sisi wenyewe, anayeomba kusomea ualimu wa Kiswahili atahiniwe Kiswahili, kwa kuandika na kwa kusema. Mkuu wa Harvard hakuridhika na cheti. Alimtaka kijana aseme Kilatini mbele yake. Sisi nasi tusiridhike kuwapokea waliokosa nafasi kwingine, wakaletwa kwetu kama makombo ya karamu. Somo linalopokea kila aliyekataliwa haliwezi kudai heshima ya waliochaguliwa.

Lakini kwa wenzangu wenye ari kubwa zaidi, wanaotaka Kiswahili kiwe sharti la lazima kwa kila anayeingia chuo chochote, tena mara moja, nawaambia: tusikubali kukifanya Kiswahili kuwa Kilatini kipya. Mtoto wa Karamoja au wa Kigezi ambaye shule yake haijapata hata mwalimu mmoja wa Kiswahili, tukimfungia mlango kwa kosa lisilo lake, tutakuwa tumebadilisha bawabu tu na dhuluma tumeiacha pale pale. Hapo wapinzani wetu watapata hoja ya kweli, nasi ndio tutakaokuwa tumewapa.

Katika hili hata wale wa Massachusetts walikuwa na utaratibu. Walipotaka Kilatini chuoni, hawakuliacha jambo kwa bahati. Shule ya Kilatini ya Boston ilikuwapo tangu mwaka 1635, na sheria ya mwaka 1647 iliamuru kila mji wenye kaya 50 uwe na mwalimu wa kusoma na kuandika, na kila mji wenye kaya 100 uwe na shule ya sarufi ya kuwaandaa vijana kwa chuo. Mji uliokaidi ulitozwa faini ya paundi 5. Tunaweza kuilaumu lugha waliyoichagua na watu waliowaacha nje, wasichana wakiwa wa kwanza, kwa kuwa mlango ule haukuwahusu kabisa. Lakini hatuwezi kuwalaumu kwamba waliweka sharti bila kuajiri mwalimu. Sisi tumetangaza somo la lazima huku shule nyingi zikiwa hazina wa kulifundisha. Mwalimu atangulie, sharti lifuate, na baina ya hayo mawili liwekwe neno "au".

Ndugu walimu, wapinzani wetu wataendelea kusema kwamba chema chajiuza, na kwamba Kiswahili kingekuwa na thamani kingeingia chuoni bila ya kupigiwa debe. Waulizwe swali moja tu: Kiingereza kilijiuza? Kilikaa nje ya mlango wa chuo cha wenyewe zaidi ya karne mbili. Kiliingia pale watu walipobadilisha masharti kwa maandishi, wakayatia sahihi, wakayatangaza katika orodha ya mwaka ya chuo. Masharti ya vyuo vyetu nayo yanaandikwa na watu, tena wengi wao tunawajua, na wengine tuliwafundisha darasani. Kamati zao hukutana kila mwaka. Chama chetu kiwapelekee mapendekezo haya matatu kwa maandishi kabla kamati hazijaketi, na kila tawi lifuatilie majibu yake.